Je, Kumeza Dawa ni Kukosa Imani?



Kati yetu wapo wanaoacha vidonge vya presha wakisema, "Tumeombewa, tena hatuumwi." Tulipime neno hili. Presha haina kawaida ya kupiga hodi. Mtu aweza kupita 140/90, akalima na kuimba kwaya bila kusikia lolote, huku moyo, figo na ubongo vikiharibika. Basi kutosikia maumivu si ushuhuda wa kupona. Kipimo ndicho kinachosema.

Wengine husema, "Ni mawazo ya ukimbizi tu, tukirudi nyumbani itaisha." Mawazo ni mzigo kweli, lakini chumvi, uzito na umri navyo vimo, wala mwili haungoji siku ya safari.

Tumkumbuke Mfalme Hezekia (2 Wafalme 20). Mungu alisikia maombi yake, akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Je, maombi yalishindwa? Hapana. Aliyejibu maombi ndiye aliyeumba mtini.

Basi tuombe, na dawa tumeze. Watoto wetu wamepoteza mengi njiani. Wasitupoteze na sisi kwa kidonge tulichokiacha.

Mungu awabariki. Amina.