Pikipiki Isiwe Njia ya Kuikimbia Nyumba



Miaka imepita tangu ugonjwa wa Korona uingie Kenya mwezi wa Machi 2020, lakini iko desturi moja iliyozaliwa siku zile ambayo katika nyumba nyingine haijaondoka. Leo tuizungumze kwa upole, bila kumnyoshea mtu kidole.

Ninyi wa Keringet mnakumbuka. Shule zilifungwa, watoto wote wakawa nyumbani. Ibada za hadhara zikasimamishwa. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaanza: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri kila mtu awe ndani. Mwezi wa Aprili Nairobi ikafungwa, na aliyekuwa kazini huko akabaki huko. Hoteli za mijini zilipofunga milango, wapo wakulima waliobaki na viazi bila mnunuzi. Lakini madeni hayakufungwa!

Katika dhiki hiyo mume mwenye pikipiki alikuwa na mlango wa kutokea. Anawasha mtambo, anashika barabara ya Molo au ya Olenguruone, pengine bila abiria wala mzigo. Baridi ya Mau inampiga kifuani, ukungu unafunguka mbele yake, mashamba ya chai yanapita, na kwa muda wa saa mbili hakuna anayemwuliza habari ya deni la duka. Kafyu ikikaribia anarudi. Mwili umefika nyumbani, moyo umebaki barabarani. Na mama watoto je? Yeye alibaki na watoto, jiko, ng'ombe na wasiwasi wake. Yeye hakuwa na pikipiki.

Je, ni dhambi kutoka ukapunge upepo? La, hasha! Nabii Elia, tunasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alichoka mpaka akaomba afe. Alikimbilia jangwani, akalala chini ya mti. Mungu hakumgombeza. Alimtuma malaika ampe mkate na maji. Lakini baadaye Mungu alimwuliza anafanya nini pale, kisha akamrudisha kwenye kazi yake. Hapo ndipo tofauti ilipo. Pumziko humrudisha mtu kwa watu wake akiwa na nguvu. Kukimbia humrudisha na uchovu ule ule, tena na siri juu yake.

Siku ile ile kafyu ilipoanza kwetu, Baba Mtakatifu Fransisko, aliyeitwa na Bwana mwezi wa Aprili 2025, alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro kule Roma, mvua ikinyesha, akaitafakari Injili ya Marko, sura ya 4: dhoruba ziwani. Tazameni jambo moja. Mashua ile haikuwa na mlango wa nyuma. Wanafunzi walifanya nini? Walimwamsha Yesu na kusema hofu yao waziwazi, tena kwa maneno ya kulalamika. Yesu hakuwatupa majini kwa sababu ya malalamiko yao. Ndoa ni mashua ya namna hiyo. Mmoja akishuka kila mawimbi yanapokuja, mwenzake anapiga makasia peke yake.

Mume, kabla ya kuwasha pikipiki jiulize mambo matatu. Mke wangu anajua niendako na saa nitakayorudi? Fedha ya petroli tumekubaliana, au nimeichomoa kwenye ya unga? Na yeye, zamu yake ya kupumzika ni lini? Kama majibu ni mazuri, nenda kwa amani, vaa kofia yako ngumu, na Mungu akulinde. Kama sivyo, zima mtambo kwanza. Sema: "Mama Chebet, moyo umenilemea. Nipe saa moja nitulie, kisha tukae tuhesabu deni pamoja." Maneno hayo ni mazito kuliko gunia la viazi, lakini yakitoka mdomoni, mzigo unabebwa na wawili.

Mke, nawe usimngoje langoni na orodha ya shida zote. Mpe chai kwanza. Usimwite mtoro mbele ya watoto. Mwambie wazi kwamba na wewe umechoka, maana wengi wenu mnanyamaza, kisha siku moja chungu kinapasuka. Jumamosi moja yeye abaki na watoto, wewe uende kwa dada yako. Na Jumapili pikipiki hiyo hiyo iwabebe wawili kwenda Misa.

Neno moja la lazima. Wako wanaokimbia nyumba kwa sababu ya kipigo. Kwa hao siwaambii wabaki katika mashua na kuvumilia. Kumpiga mwenzi si msalaba wa ndoa, ni kosa. Toka, jisalimishe mahali pa usalama, mweleze padre au mtu unayemwamini, na upige simu ya bure namba 1195, inayosaidia waliodhulumiwa majumbani.

Wapendwa, kafyu iliondolewa mwezi wa Oktoba 2021. Kama bado kuna anayetoka kila jioni ili tu asikae na mwenzake, basi tusiisingizie tena Korona. Jioni hii, baada ya chakula, zimeni redio, wekeni simu kando, ulizaneni swali moja: "Ni nini kinachokulemea?" Asikilize mmoja mpaka mwisho, kisha mwingine. Halafu salini Baba Yetu mkishikana mikono.

Mungu azibariki nyumba zenu.