Sura Itakaa kwa Nani?

Ziko mali ambazo mtu huzimiliki bila wasiwasi: shamba lake, ng'ombe wake, viatu vyake. Picha ya mtu mwingine si mali ya namna hiyo, ingawa tunaiweka kabatini pamoja na vitu vyetu na watoto wetu watairithi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humpa mpiga picha haki juu ya kazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda yule ambaye taarifa zake zimo mikononi mwa wengine. Mimi si mwanasheria, wala swali langu si la mahakamani. Nauliza tu: nikishika sura ya mtu, nimeshika nini?

Kamera yangu ni Yashica Electro 35, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1966. Niliinunua mwaka 1976 kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Ni nzito, na lenzi yake ya milimita 45 haibanduliwi. Ina taa mbili: nyekundu ikiwaka, mwanga umezidi, ya manjano ikiwaka, mwanga ni hafifu na mkono usitikisike. Betri yake ya zebaki haitengenezwi tena. Katikati ya kitundu cha kutazamia pana doa la manjano, na ndani ya doa hilo mtu mmoja huonekana wawili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka hao wawili wawe mmoja, ndipo ujue kwamba umbali umepatikana.

Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba kamera za namna hii zilitufundisha adabu. Filamu ilikuwa na picha 36, tena ilibidi ipelekwe Arusha kusafishwa, hivyo hukumpiga mtu picha kabla ya kumwomba asimame vizuri. Siku hizi, wanasema, kijana anatoa simu na kumaliza kazi yake kabla hujageuka. Sikubaliani nao sana. Kilango cha Yashica kimo ndani ya lenzi, na mlio wake ni mdogo mno hata aliye hatua tano hausikii. Ni kamera inayomfaa sana anayetaka kuiba sura. Tulichokuwa nacho enzi zile ni uhaba wa filamu, na uhaba si adabu.

Adabu niliiona mnadani Basotu, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mzee mmoja wa Kidatoga. Nilimwomba ruhusa. Hakukasirika, wala hakudai fedha. Aliniuliza, "Hiyo sura itakaa kwa nani?" Nikamjibu kwamba itakaa kwangu. "Wewe hunijui," akasema, akavuta shuka lake na kuendelea kutazama ng'ombe. Wengi niliowasimulia walicheka, wakidhani mzee aliogopa mashine. Nadhani hawakumsikia. Watalii wanaokwenda kuwapiga picha Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi hulipa kwanza, na malipo huonekana yamemaliza jambo. Yamemaliza la ruhusa. Swali la yule mzee hayakuligusa.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Gendabi na mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Waliosalimika walizika kwanza, kisha wakaanza kuhesabu vilivyopotea. Miezi kadhaa baadaye mama mmoja wa huko alifika kwangu Mbulu. Aliniamkia, akakaa kimya kidogo, ndipo akasema kwamba nyumba yao ilichukuliwa na tope pamoja na picha zote za baba yake, aliyefariki zamani. Alikuwa amesikia kwamba ninazo filamu za Katesh ya zamani.

Tulitafuta siku nzima. Mwaka 1979 niliwapiga picha walimu wanafunzi tisa waliokuwa mazoezini katika shule moja ya msingi jirani na Katesh. Sasa, kitundu cha kamera hii si lenzi. Mistari myangavu iliyomo humo huonyesha mpaka wa picha, lakini filamu hupokea zaidi kidogo ya kilichomo ndani ya mistari, na studio nayo hukata kingo inapochapa. Katika picha iliyochapwa wapo tisa tu. Katika negativu, ukingoni kulia, yupo mwanamume mwenye punda wawili waliobeba mizigo, amegeuza uso kuwatazama. Mjukuu wangu aliipiga negativu hiyo kwa simu na kuigeuza rangi. "Ni baba," mama akasema. "Ile kofia."

Mtu huyo hakuombwa ruhusa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amepigwa picha. Kwa kanuni kali ya ruhusa, sura yake isingekuwapo. Lakini swali la Basotu linamhusu sawasawa: kwa zaidi ya miaka 40 alikaa kwa mtu asiyemjua, na aliyemjua alikuwa hana kitu.

Nilimchapishia ule ukingo. Akaomba na negativu yenyewe. Hapo nilisita, maana mmoja wa wale tisa aliniambia miaka mingi iliyopita kwamba hataki picha zake za wakati ule zipewe mtu yeyote. Hakutaja sababu, nami sikumdai. Nilipomweleza mama hivyo, alinitazama. "Mwalimu, wewe una filamu nyingi. Mimi nina baba mmoja."

Mpiga picha hapendi negativu ikatwe, nami sipendi. Lakini sioni kwamba upendo huo una uzito mbele ya hawa wawili. Nimepima kwa rula: kati ya punda wa pili na bega la mwanafunzi wa mwisho pana nafasi ya kama milimita mbili. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, kwa hiyo mjukuu ndiye atakayeshika mkasi, mama atakaporudi baada ya mavuno, naye akitazama.