Anza na Daftari la Mikopo

Mwanangu, nasikia Kotlin uliyoianza juzi umeshaiacha, sasa unahangaika na video za Flutter, na rafiki zako wanakutia hofu kwamba hiyo nayo imepitwa. Tulia. Google iliipokea rasmi Kotlin kwa Android mwaka 2017, toleo la 1.0 la Flutter likatoka Desemba 2018, na watu wanakula kwa zote mbili hadi leo. Shika moja.

Ulichokosa ni kazi ya kufanya. Nenda dukani kwa mama yako uchukue lile daftari la mikopo: jina la mteja, alichochukua, bei, tarehe, kalipa au bado. Hiyo ndiyo programu yako ya kwanza. Skrini mbili zinatosha. Mambo ya nywila na mbwembwe za rangi yaache. Kumbukumbu ziweke kwenye SQLite, ambayo imo tayari ndani ya kila simu ya Android, ili duka liendelee hata bando likikata. Na shilingi uziandike kwa namba nzima. Kompyuta ikihesabu kwa desimali huacha vipande vidogo njiani, na mama yako hana muda wa kusikiliza maelezo hayo hesabu zikigoma.

Ukifika hapo, andika jina la mteja nusu, kisha ulaze simu ubavu. Huenda jina likatoweka. Android, skrini inapogeuzwa, kwa kawaida huubomoa ukurasa na kuujenga upya, na ulichokishikilia kwa muda tu kinakwenda na maji. Kaa na tatizo hilo mpaka ulielewe. Akili mnemba itakupa dawa yake kwa dakika moja, sikatai, lakini simu itakapogoma saa moja jioni foleni imejaa, atakayeitwa ni wewe. Maandishi mekundu ya makosa yakijaa usiyaogope: pekua hadi kwenye mstari wenye jina la faili lako, uanzie hapo.

Kompyuta yako ni dhaifu, najua, na Android Studio inakula RAM bila huruma. Usiitwishe na simu ya kuigiza. Kwenye mipangilio ya simu yako tafuta namba ya muundo (Build number), igonge mara 7, menyu ya watengenezaji programu ifunguke. Ruhusu majaribio kwa USB, chomeka waya.

Kisha mpe mama simu wateja wakiwepo, nawe ufunge mdomo. Akibonyeza pasipostahili, hujapanga vizuri, karekebishe.

Ukifika wakati wa kuichapisha programu, Apple wanataka dola 99 kila mwaka na kompyuta ya Mac, hao waache kwanza. Google wanatoza dola 25 mara moja tu, ila mwenye akaunti mpya ya binafsi hudaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Wajaribu utawapata kwa wenye maduka wa mtaa wenu. Ada nitatoa mimi.