JE, INAFAA KUFANYA SULHU NA ALIYEKUDHULUMU?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo tutazame swali linalowasumbua wafanyakazi wengi. Dereva anamwambia tajiri wake kwamba breki za lori ni mbovu. Tajiri anamfukuza. Dereva anashtaki. Kisha tajiri anatuma watu: "Chukua pesa hizi, tumalize maneno." Je, akizipokea ameuza haki, ao amefanya jema?

Huko Marekani kuna sheria juu ya jambo hili tangu mwaka 1983. Dereva aliyefukuzwa kwa kusema juu ya usalama ana siku 180 za kupeleka mashtaka kwenye Wizara ya Kazi. Anaweza kurudishwa kazini na kulipwa mishahara aliyoikosa. Lakini haki huchelewa. Januari 2009, dereva mmoja alikwama usiku katika jimbo la Illinois. Breki za trela ziliganda kwa baridi, na ndani ya lori hamkuwa na joto. Aliacha trela, akaondoka kuokoa nafsi yake, akafukuzwa. Mahakama ya rufaa ilithibitisha haki yake mwaka 2016, zaidi ya miaka 7 baadaye. Mwenye watoto wa kulisha atangoja hivyo? Ndiyo maana wengine hupatana.

Dini yetu haikatazi. Kur'ani Tukufu imeisifu sulhu (An-Nisaa, 128), na Mtume (s.a.w.) ameiruhusu, isipokuwa ile inayohalalisha haramu ao kuharamisha halali. Hapo ndipo penye mpaka. Mshahara ni haki ya dereva mwenyewe. Akisamehe sehemu yake, ni hiari yake. Lakini breki mbovu ni jambo la roho za watu: mama anayekwenda sokoni, mtoto wa shule, abiria aliyeketi juu ya mizigo. Nani alimpa ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao? Tajiri akisema, "Chukua pesa, unyamaze juu ya breki," huko ni kununua ushahidi, na Mwenyezi Mungu amekataza kuuficha (Al-Baqara, 283).

Hata Wamarekani wamefika hapo. Mashtaka hayo yakiwa mbele ya Wizara, mapatano hayatimii mpaka Wizara iyakubali, nayo haikubali yale yanayomzuia mfanyakazi kuieleza serikali juu ya hatari.

Kwetu Kongo, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inataka ugomvi wa mfanyakazi na tajiri upite kwanza kwa inspekta wa kazi, ajaribu kuwapatanisha kabla ya mahakama. Basi sulhu inatuhusu sisi pia, hasa ndugu zetu wa njia ya Kasumbalesa.

Ewe dereva, patana juu ya pesa zako, yaandikwe mbele ya mashahidi, lakini usiuze ulimi wako. Ewe tajiri, anayekuonya anakuokoa na damu za watu Siku ya Kiyama. Mlipe haki yake, na ulitengeneze lori. Nanyi wazee mnaoitwa kupatanisha, kabla ya kuuliza, "Anataka pesa ngapi?" ulizeni, "Breki zimetengenezwa?" Bila jibu hilo, mmepatanisha watu wawili na kuwaacha wengine katika hatari.

Mwenyezi Mungu atupe sulhu yenye haki, na awalinde wasafiri wetu. Amin.

Wallahu a'lam.