Mchungaji Hufundwa na Kundi

Lubumbashi imepata maaskofu wakuu wawili mfululizo waliopitia jimbo lile lile la kando ya maji. Jean-Pierre Tafunga, Msalesiani, alikuwa askofu wa Kilwa-Kasenga kabla ya kupelekwa Uvira mwaka 2002, kisha akaletwa kwetu. Alifariki tarehe 31 Machi 2021, Jumatano ya Juma Kuu. Tarehe 22 Mei, mkesha wa Pentekoste, Papa Fransisko alimteua Fulgence Muteba Mugalu kushika nafasi yake, naye pia alitoka Kilwa-Kasenga, baada ya kuwa mchungaji huko miaka 16.

Wengi husema Kasenga ilibahatika kupata watu wakubwa. Mimi naamini kinyume chake: kundi la Kasenga na Kilwa ndilo lililowafunda wachungaji hao, na sisi wa mjini tunakula matunda ya kazi hiyo bila kuwashukuru walioifanya.

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo yuko Mileto, bandarini, anaharakisha kwenda Yerusalemu. Anawaita wazee wa Kanisa la Efeso waje kuagana naye. Hawakumbushi miujiza. Anawakumbusha jinsi alivyoishi kati yao tangu siku ya kwanza, machozi aliyomwaga, nyumba alizoingia moja baada ya moja, na mikono yake mwenyewe iliyofanya kazi. Halafu wanapiga magoti, wanalia, wanamsindikiza hadi kwenye merikebu. Mtu halii hivyo kwa ajili ya mgeni rasmi. Hulia kwa ajili ya aliyekaa naye.

Kukaa na watu wa Kasenga maana yake ni kukaa na Luapula. Ng'ambo ya mto ni Zambia, lakini Kibemba kinasikika kingo zote mbili, na ndugu huvuka kwa mtumbwi kwenda kuzika na kuoa. Kasenga ndiyo iliyolisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, samaki enzi za wafanyabiashara wa Kigiriki, hadi samaki aina ya mpumbu walipovuliwa kupita kiasi na kuanza kuadimika. Kaskazini zaidi, kwenye ziwa Mweru, kuna Kilwa na Pweto. Sheria ya Kanisa inamtaka askofu alitembelee jimbo lake lote angalau mara moja kila miaka mitano. Mjini, sheria hiyo hutimizwa kwa gari. Kule, masika yakianza, inamdai askofu mwili wake.

Muteba alizaliwa Kongolo mwaka 1962. Mwaka huo ulifunguliwa na damu: tarehe 1 Januari, askari waliwaua wamisionari wapatao 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu mjini humo. Alikulia, basi, katika Kanisa lililojua tayari kwamba Injili inaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Na alikopelekwa kuwa askofu, damu ilikuwa bado haijakauka. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi lilipourudisha mji, raia waliuawa. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 73 waliokufa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na fedha kule Dikulushi, yalitumiwa na wanajeshi katika operesheni hiyo. Kiti cha askofu kilikuwa wazi tangu Tafunga alipohamishwa. Watu walizika, na wengine hawakupata hata maiti ya kuzika, bila kuwa na askofu wa kulia naye. Muteba aliteuliwa Machi 2005, miezi mitano tu baadaye. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi iliwaachia huru walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Ilibidi kusubiri hadi 2017 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema serikali iwalipe fidia wahanga na familia zao.

Hebu tufikiri juu ya miaka hiyo. Askofu hana jeshi wala hana mahakama. Kila Jumapili analazimika kuadhimisha Misa kwa ajili ya watu aliokabidhiwa, wafu na wajane wao wakiwemo, huku haki haijapatikana. Anatoa Kipaimara kwa watoto ambao baba zao hawakurudi. Anawataka wasamehe, na hapo hapo hawezi kuwaambia wasahau. Kisha wakaja wanamgambo wa Bakata Katanga, vijiji vya Pweto vikachomwa, watu wakalala porini. Seminari gani inamfundisha mtu kubeba hayo? Wanaofundisha ni mama aliyebaki na kiti kitupu nyumbani, na mvuvi anayetoza nauli nafuu kwa wanaokimbia.

Ndiyo maana sikushangaa Mei 2022, Muteba alipowaita Wakatanga kwenye jukwaa la umoja na maridhiano hapa Lubumbashi, na rais wa zamani Joseph Kabila na aliyekuwa gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, wakapeana mikono baada ya miaka ya uhasama. Wengine walinung'unika, na nadhani walikuwa na hoja: maridhiano ya Wakatanga peke yao hayatoshi wakati jirani kutoka Kasai anaogopa majina anayoitwa sokoni. Lakini kazi ilibidi ianzie mahali. Juni 2024 maaskofu wa nchi nzima walimchagua kuwa rais wa baraza lao, CENCO. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipokwisha kutekwa na waasi wa M23, Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC walikwenda pamoja kubisha hodi kwa pande zote, waasi hao wakiwemo, wakiwa na pendekezo la mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Walitukanwa kwa hilo. Waliitwa wasaliti. Kwa mtu aliyewachunga wafiwa wa Kilwa, mazungumzo na mwenye bunduki si usaliti. Ameshaona kinachotokea pale ambapo bunduki pekee ndiyo inayozungumza.

Sisi waamini tunapenda kumpokea askofu kwa vitenge vyenye picha yake, ngoma, mbuzi na maua. Furaha hiyo ni halali. Ila mara nyingi tunampitisha barabara iliyofagiliwa, tunamwonyesha paa jipya la kanisa, tunamlisha vizuri, na anaondoka bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Kwa ukarimu wetu tunamnyima mafundisho ambayo Kasenga iliwapa wachungaji wake.

Basi wiki hii, katika jumuiya zetu ndogo, naomba tufanye mambo mawili. Tusome pamoja sura ile ya 20 kuanzia mstari wa 17, kisha tuwaombee marehemu wa Kilwa. Halafu kila jumuiya iandike orodha ya nyumba tatu ambazo Baba Askofu akija anapaswa kuingia kabla ya kula: ya mjane, ya mfungwa, ya familia iliyohama vita. Orodha hizo zipelekwe kwa paroko kabla ya ziara kupangwa.