Kipande Kimoja cha Halua

Idi el-Fitri iliyopita, adhuhuri haijaadhiniwa, nilikuwa nimeshaingia nyumba nne. Kwa dada yangu Mikunguni nilikula tambi za sukari. Kwa shemeji Mwembetanga, vileja na kaimati. Michenzani nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikawekewa biriani. Kikwajuni, halua. Na kila nyumba ilikuwa na gilasi yake ya ukwaju au chupa yake ya soda. Usiku niliamka mara nne kwenda haja ndogo, na kiu haikukatika. Binti yangu akanitoboa kidole, akakisogeza kijimashine mbele ya macho yangu: 17.8.

"Baba," alisema, "umefunga mwezi mzima, ukafungulia yote kwa siku moja."

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na huu ni mwaka wa sita naishi na kisukari. Ramadhani nafunga kwa ruhusa na masharti ya daktari. Maneno yale yalinipata kama mwanafunzi aliyekosea ubaoni, nikachukua kalamu. Chupa moja ya soda inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema ni bora sukari ya kuongezwa isipindukie gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita, na hiyo ni kwa mtu mzima asiye na ugonjwa. Kumbe nilikuwa nimeuvuka mpaka katika nyumba ya kwanza tu, na tambi sijazitia hesabuni.

Lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa swali la dini. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Kabla ya kwenda kusali Idi el-Fitri, sunna ni kula tende, moja au tatu au zaidi, ila kwa witri. Pishi ya fitri, vibaba vinne vya chakula, hutolewa kabla ya sala ili hata fukara asiamkie jiko baridi. Basi kula siku ile si starehe tu, ni sehemu ya ibada. Na kwetu, kusukuma sahani ya mtu siku ya Idi ni kama kumsukuma mwenyewe. Mimi na sukari yangu tukae upande gani?

Nilikuwa na kisa cha kujitetea. Salman, sahaba wa Mtume, alimtembelea nduguye katika dini Abu Dardaa, akamkuta amefunga sunna. Chakula kilipoandaliwa, Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na Abu Dardaa akafungua. Kisa hiki nimekitumia miaka mingi harusini na maulidini, nikiwabana watu wanaosema wameshiba. Usiku ule nilikirudia chote, mpaka kule mbele ambako huwa sifiki. Salman alimzuia pia nduguye asikeshe kwa sala, akamkumbusha kuwa Mola ana haki yake, watu wa nyumbani wana haki yao, na nafsi nayo ina haki yake. Mtume akamsadikisha. Nikaona kwamba Salman hakuwa akitetea sahani. Alikuwa akimtetea mtu aliyeisahau nafsi yake. Abu Dardaa aliisahau kwa kufunga, mimi kwa kula.

Tena nikaona jambo jingine. Ramadhani hunichunga adhana. Alfajiri ikiadhiniwa naweka kikombe chini hata kama kimebaki nusu, na magharibi haijafika siwezi kukigusa. Idi hakuna adhana ya kuniambia basi. Mwezi mzima nimejifunza kuacha cha halali kwa amri, na siku ya kwanza ninayoachiwa mkono wangu mwenyewe, mkono haujui wapi pa kusimama. Kama saumu haikunifundisha hilo, basi nilishinda na njaa tu.

Wazee wetu kiasi walikijua. Halua ni sukari, wanga na samli, na iliki, na waliila kwa kahawa chungu, ndani ya kikombe kisichozidi funda chache. Utamu ulikuwa na mlinzi wake. Sisi tumemwondoa mlinzi tukaweka soda, na kipande kimekuwa kibakuli. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe siku hizi tunalitia bomba.

Ilipokaribia Idi el-Hajj nilimpigia dada simu mapema.

"Dada, nakuja kama kawaida. Ila tambi na soda usiniwekee."

Kimya. Kisha: "Kwani mimi nakutilia sumu?"

"Hasha, dada. Nataka na mwakani nije tena."

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kuliko siku ya posa. Juu ya mkeka palikuwa na birika la kahawa, vikombe viwili, na kisahani chenye vipande viwili vya halua, kila kimoja kama pingili ya kidole. Nilikimega changu kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikaisikia zafarani. Nyumba nyingine siku zote mimi huingia na kutoka mbio. Pale tulikaa karibu saa nzima tukimzungumza marehemu mama.

Nilimtazama dada akijimiminia kahawa ya pili.

"Na wewe soda hunywi?"

"Mimi nina presha, Mwalimu. Mwaka wa tatu huu siigusi."

"Na zile kreti za kila Idi?"

"Si nanunua kwa ajili yako."

Miaka yote hiyo, mimi nami nilikuwa nazinywa kwa ajili yake.