Mlango wa Mpangaji: Ni Deni la Nani?



Leo ninapenda tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo hatulisikii sana kwenye mimbari, lakini liko karibu katika kila lupango ya Lubumbashi, kuanzia Katuba na Kenya mpaka Ruashi na Kampemba. Ni jambo la mwenye nyumba na mpangaji wake. Ulizo lenyewe ni hili: mwizi akiingia kwa mlango mbovu, na mwenye nyumba alikwisha kuambiwa kwamba mlango ni mbovu, je, yeye ana kosa mbele ya Mungu?

Nitaanza na habari tuliyoiona sisi wenyewe. Mama mmoja mjane, kazi yake kushona, alipanga nyumba ya chumba kimoja na saloni katika lupango ya ndugu mmoja ambaye naye anaomba pamoja nasi. Miimo ya mlango ilikuwa imeliwa na mchwa hata kabla mama hajaingia. Alimwambia mwenye nyumba mara ya kwanza, akajibiwa: tutaona mwisho wa mwezi. Mara ya pili akajibiwa: mama, Bwana ndiye mlinzi. Basi akaja kwangu. Nami nikamshauri avumilie, asimpeleke ndugu wa imani kwenye komini.

Siku ya Ijumaa, sisi wote tukiwa katika mkesha wa maombi, wezi wakausukuma ule mlango. Ukaanguka mzima, kadena yake ikiwa bado imefungwa. Wakabeba mashine ya kushona, vikwembe vya watu, na feza ya masomo ya watoto.

Asubuhi maneno yakawa mengi. Wengine walitaka manabii waulizwe nani aliiba. Wengine wakanong'ona kwamba labda kuna jambo lililofichwa katika jamaa ya yule mama. Yeye aliniangalia akasema: "Shemasi, mkono ulioiba hamuujui. Lakini mlango mliujua."

Neno hilo limenikosesha usingizi. Mimi siyadharau maono. Kanisa letu limejengwa juu ya sauti ya Roho. Lakini Roho hatumwi kutafuta jambo ambalo tunalijua tayari. Kama mchwa wamekula mbao, tusiwatafute wachawi.

Sasa tusikie yale ambayo wenye nyumba wanayasema, maana si vizuri kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

Wa kwanza anasema: "Mwizi ndiye mwenye dhambi, si mimi." Ni kweli kwamba mwizi ana dhambi yake, na hakuna mtu atakayeibeba kwa ajili yake. Lakini tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba ile. Yule mwenye kuanguka hakusukumwa na mwenye nyumba. Alianguka kwa mguu wake mwenyewe. Hata hivyo Mungu anamwuliza mwenye nyumba: ukingo uko wapi? Kumbe kosa la mwingine halifuti deni lako.

Tena tusome Kutoka 21:35-36, juu ya ng'ombe anayeua ng'ombe wa mtu mwingine. Kama hakujulikana kuwa mkali, wenye ng'ombe wote wawili wanagawanya hasara. Lakini kama alijulikana tangu mbele, na bwana wake hakumfunga, basi bwana wake analipa. Angalieni vizuri, wapendwa: ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua, akanyamaza. Utaniambia: ng'ombe ni wa mwenyewe, lakini mwizi si wa mwenye nyumba. Ndiyo, mwizi si wake. Lakini mlango ni wake. Hatalipa kama mwizi anavyolipa. Lakini hawezi kusema kwamba hasara ile haimhusu.

Wa pili anasema: "Bwana ndiye mlinzi." Neno hili ni la kweli, lakini lisitumiwe kama kadena. Katika Mwanzo 7:16 tunasoma kwamba Bwana alifunga mlango nyuma ya Noa. Nani aliuchonga ule mlango? Ni Noa, kama alivyoagizwa. Mungu hafungi mlango ambao mtu amekataa kuutengeneza. Na anayepokea feza ya nyumba kila mwezi, halafu anamwachia Mungu matengenezo, anamfanya Mungu kuwa mtumishi wake asiyelipwa.

Wa tatu anasema: "Mimi mwenyewe ni maskini." Huyu ninamsikia kwa huruma. Katika mji wetu si wenye nyumba wote ni matajiri. Katika miaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari, na kuna wazee na wajane ambao mkate wao ni ile nyumba ndogo ya nyuma tu. Lakini umaskini unaweza kusemwa wazi. Mwambie mpangaji: sina feza, tengeneza wewe, na tutakata kidogo kidogo katika malipo ya nyumba, muandike, kila mmoja abaki na karatasi yake. Kosa si kukosa feza. Kosa ni kupokea garanti huku unajua mlango haufungi, na kunyamaza.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na Maandiko. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano inamtaka mwenye nyumba atoe nyumba iliyo katika hali nzuri, aitunze, na mpangaji akae kwa amani. Haimfungi kwa kila tendo la mtu wa nje, lakini haimwondolei matengenezo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mpangaji anayetaka zaidi ya hayo yaandikwe katika mkataba, anatafuta usalama wake, si ugomvi.

Nanyi wapangaji, msifurahi haraka. Sheria inawataka mtunze nyumba kama baba mwema wa jamaa. Mlango uliovunjwa na watoto wako ni deni lako, si la mwenye nyumba. Na usiseme tu kwa mdomo kisimani; andika barua ndogo, weka tarehe, ita shahidi.

Nimebaki na kosa langu mimi. Nilimzuia mama kwenda komini kwa sababu ya 1 Wakorintho 6. Lakini Paulo hakusema wanaodhulumiwa wanyamaze. Aliuliza kama hakuna hata mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Nilimfungia mama mlango wa komini, na mlango wa kanisa sikuufungua. Basi tangu sasa, ndugu akileta shitaka la namna hii, tuwaite wote wawili, twende kuangalia mlango kwa macho yetu, tuamue na kuweka siku. Tukishindwa, tusimzuie kwenda Ofisi ya Habitat.

Ndugu yule ameweka mlango wa chuma, na ameacha malipo ya miezi miwili. Mashine haikurudi. Kanisa lilikusanya sadaka kwa ajili ya mama. Nami nilipotia yangu katika kikapu, nilijua moyoni kwamba si sadaka ninayotoa. Ni deni.

Mwenye lupango anayesoma haya, leo jioni pita kwa mpangaji wako, usukume mlango wake kwa mkono wako mwenyewe.

Mungu awabariki.